Jina la Tatu kwenye Orodha

Kisangani, tarehe 10 mwezi wa pili 2024

Papa mpendwa,

Mama Philomène anapanda boti ya baleinière kesho asubuhi na mzigo wake wa chumvi na sabuni, kwa hiyo naandika haraka kabla hajafunga mfuko. Uko namna gani? Tumbo lako limetulia? Huko kambi ya wavuvi ya Lomami unakula vizuri, ama ni chikwangue ya muhogo na samaki wa moshi siku zote saba? Sisi tuko. Goti la Mama linamuuma mvua ikinyesha, maana yake kila siku. Benie, mdogo wangu, amenipita urefu, na ananikumbusha kila tukisimama pamoja. Mimi sina ugonjwa wowote. Nina hasira tu, na kwa kuwa siwezi kuisema darasani, naiandika kwako.

Unajua mtihani wa Leta, ule wa serikali, ni mwezi wa sita. Kabla ya hapo, kila mwanafunzi wa mwaka wa sita lazima apite mbele ya juri ya shule kwa kozi ya jiografia na mazingira. Unachagua jambo moja la mahali unapoishi, unalichunguza, unalieleza mbele ya walimu wawili. Asiyepata kumi juu ya ishirini, Préfet, mkuu wa shule, amesema, haingii mtihani. Anarudia mwaka. Mimi nimechagua samaki wa kwetu kwenye maporomoko. Nani mwingine angewachagua, kama si mtoto wako?

Jumatatu Mwalimu Kasongo alitugawia kitabu chake cha kozi, kurasa arobaini za fotokopi. Ukurasa wa 31 uko kwa Kifaransa, nakugeuzia: "Sababu ya kwanza ya kupungua kwa samaki katika maporomoko ni miti na vikapu vya wavuvi wa mahali, vinavyokamata bila kuchagua, wakubwa kwa wadogo."

Bila kuchagua! Papa, mimi nimekua katikati ya vikapu hivyo na miti mliyoisimika majini kuvitundika. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napitisha mkono mzima kati ya fito za kikapu, na Mama ananipigia kelele. Mwalimu Kasongo ni mtu wa Maniema, ni mtu mwema, anafundisha mawe na udongo mpaka unatamani kwenda kuchimba. Lakini sidhani amewahi kusimama pale juu ya mwamba akaona kikapu kinatolewa majini. Basi niliinua mkono. Ndiyo, mimi. Mara ya kwanza tangu mwaka wa kwanza.

"Mwalimu, samahani. Kikapu kina nafasi. Samaki mdogo anapita."

"Sema kwa nguvu, Laurette. Huko nyuma hawasikii."

"Mtoto wa samaki anapita, Mwalimu."

"Nani alikuambia?"

"Niliona."

"Kuona si sayansi, binti. Pima, halafu urudi."

Darasa likacheka. Baraka, yule anayekaa nyuma na kulala, akaamka kusudi apige kelele: "Mutoto ya Samaki!" Tangu siku hiyo ndilo jina langu. Hata Sandrine rafiki yangu limemtoka mara moja, akajifunika mdomo.

Basi nitapima. Niambie, kati ya ufito na ufito mnaacha vidole vingapi, na kwa nini? Nataka kupima vikapu vya Tonton Nephtali, mvuvi mwenzako, kwa sababu viko karibu. Lakini tangu uondoke yeye hatusalimii, na Mama akiulizwa anaanza kufagia. Kuna nini?

Mtoto wako,
Laurette


Kambini, Lomami, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Mutoto yangu Laurette,

Barua yako ilifika imelowa kidogo lakini nilisoma yote, mara mbili. Mimi niko muzima. Tumbo iko kimya. Mbu ya huku ni mingi kuliko samaki, na inauma kama iko na deni na mutu. Salimia mama yako, umwambie sabuni ilifika. Benie aache kujigamba, urefu haifanyi mutu ashinde mtihani.

Unaniuliza vidole. Ni vitatu karibu na mdomo ya kikapu, viwili huko kwenye mkia. Baba yangu alinifundisha hivyo. Tukikaza zaidi, maji inajaa ndani na inapasua kikapu yote. Maji ya pale haina mchezo. Donc hata tungekuwa watu wabaya, tunataka kukamata watoto ya samaki, maji yenyewe ingetukatalia.

Lakini sikia, mama. Mwalimu ni mwalimu. Sema kile anataka, pata pointi yako, ingia mtihani. Ukurasa hauumi mutu. Kama ni lazima mazingira, chagua udongo, chagua mvua, mvua iko mingi. Achana na samaki.

Na Nephtali usimuulize kitu.

Papa yako,
Eugène


Kisangani, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Papa,

Nakusalimia. Nyumbani wote wako na afya, na Mama anasema asante kwa wale samaki uliotutumia, tuliwapika na majani ya sombe. Natumaini mbu wamepunguza.

Ulisema ukurasa hauumi mtu. Subiri.

Kwanza, nisamehe, nilienda kwa Tonton Nephtali. Nilisimama mbali mpaka akaniona mwenyewe.

"Wewe ni mutoto ya Eugène."

"Ndiyo, Tonton."

"Papa yako anajua uko hapa?"

"Alinikataza."

Akanitazama sana, halafu akacheka kidogo, kama mtu aliyekunywa kitu kichungu. "Bon. Kama alikukataza, pima. Usiguse kamba tu."

Jumamosi mbili, Papa. Sandrine anaandika, mimi napima kwa rula ya shule. Vikapu sita. Vidole vyako vitatu ni sentimita tano na nusu, viwili ni tatu na nusu. Tulihesabu samaki mia moja na kumi na watatu. Waliokuwa wafupi kuliko kiganja changu ni wanne, na wawili kati yao walikuwa wamenaswa kwenye mdomo wa samaki mkubwa aliyetaka kuwala. Sijui bado nani anamaliza samaki. Tonton anasema niende kutazama wanaovua kwa vyandarua vya mbu huko chini kwenye vijito, ambako samaki wanataga. Sijapima huko, kwa hiyo siwezi kusema. Lakini naweza kusema kwamba ukurasa wa 31 haukupima.

Jumatano nikapeleka hesabu yangu darasani. Mwalimu Kasongo hakunicheka. Aliiandika ubaoni yote, akasema, "Hii ni kazi." Moyo wangu ulipanda. Halafu akasema: "Lakini tusikilize pia mashahidi. Fungueni kurasa mbili za mwisho."

Ukurasa wa 39 ni tamko, limetoka kwenye ripoti ya mradi fulani wa mwaka wa 2019: "Sisi wavuvi wa maporomoko tunakubali kwamba mitego yetu ndiyo inayomaliza samaki." Ukurasa wa 40 ni majina na sahihi. Kumi na moja. Namba tatu ni wewe.

Nilijua kabla ya kusoma. Naijua ile E yako yenye mkia.

Baraka naye alikuwa anasoma, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Ee, Mutoto ya Samaki! Huyu si papa yako? Namba tatu! Papa alishakubali, mutoto anakataa nini?"

Darasa zima, Papa. Watu arobaini na wanane. Mwalimu akasema, "Baraka, nyamaza." Lakini naye alinitazama, na nikaona kwamba hakujua, na kwamba sasa amejua. Nilikaa. Sikulia pale. Nililia njiani, na sikujua namlilia nani.

Ulinijibu kwa ukarimu kuhusu vidole vitatu na vidole viwili, na wakati unaandika ulikuwa unajua kwamba uliwahi kusaini kinyume chake. Kama tamko ni kweli, kwa nini ulinifundisha uongo? Kama ni uongo, jina lako linafanya nini pale? Na usiniambie nichague udongo.

Laurette


Kisangani, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Papa,

Uko salama? Nauliza kweli. Mama Philomène amerudi mara mbili na mikono mitupu. Anasema alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaiweka ndani ya kofia, ukaenda kwenye mtumbwi bila kumuuliza hata bei ya chumvi.

Juri yangu ni tarehe 3 mwezi wa tano. Orodha imebandikwa mlangoni kwa Préfet. Watakuwa Mwalimu Kasongo na Madame Solange wa biolojia. Nikipata tisa, mwaka mzima umekufa.

Nilikuandikia kwa ukali. Siyaondoi maneno yale. Lakini andika.

Mtoto wako,
Laurette


Kambini, Lomami, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

Mutoto yangu,

Mimi niko muzima. Na nyinyi natumaini muko muzima.

Nilikawia juu ya kutafuta namna ya kusema na inabaki nzuri. Haiko. Kwa hiyo nasema tu.

Ile mwaka watu wa mradi walikuja, walituita kwenye salle ya mikutano, wazee wavuvi kumi na moja. Viti vya plastiki, jus, mkate na sardine. Walisema Kifaransa kwa masaa mbili. Mimi kwa Kifaransa nasikia bonjour na nasikia au revoir, katikati nakuwa mugeni. Mwisho walileta karatasi ya kusaini. Laurette, wewe unajua kwetu: mkutano ya watu wa mradi lazima iko na liste de présence. Unasaini ili wajue ulifika, ndiyo unapata mkate. Nimesaini hizo tangu kijana. Kijana wao alishika karatasi ya juu na kidole gumba, akaikunja nyuma, akasema, "Hapa, papa, hapa." Nikasaini. Nilichukua wakati, nikaweka na mkia ya E, juu watu walikuwa wananitazama.

Nephtali alikuwa nyuma yangu. Alisahau miwani nyumbani. Akaniuliza kwa sikio: "Eugène, hii ni nini?" Nikamwambia: "Ni présence tu, saini." Akasaini. Na wa nyuma yake wakasaini juu ya kuona yeye alisaini.

Miezi ine baadaye watu walikuja na karatasi wakatuambia tutoe miti yote ya upande wa kuume. Tukauliza kwa nini. Wakasema, "Nyinyi wenyewe mulikubali," wakatuonyesha. Miti ya Nephtali ilikuwa huko upande wa kuume, yote. Ya baba yake. Tangu hapo anatundika vikapu kwa miti ya wengine. Hakunipiga. Hakunitukana. Alinitazama tu, kila asubuhi, tukikutana kwenye maji.

Mulidhani nilifuata samaki Lomami. Nilikimbia yale macho.

Sasa sikia ya muhimu. Mbele ya juri sema kama ukurasa wa 31 inasema. Usibishane. Haya ni yangu, mwaka ni yako. Sitaki urudie darasa juu ya kalamu yangu. Hiyo itakuwa mara ya pili ninaharibu kazi ya mutu na sahihi moja.

Papa yako,
Eugène


Kisangani, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi, kutoka kwa Mama zaidi. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Miaka mitano ananidanganya na samaki," akachukua ufagio, akauacha, akakaa tena. Hajakasirika kama unavyofikiri. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilikasirikia kijana wa kidole gumba. Nilikasirikia mkate na sardine. Na nilikukasirikia wewe, si kwa kusaini, bali kwa kuniomba nisaini tena, kwa mdomo wangu, mbele ya walimu.

Nilipomaliza kukasirika niliuchukua ukurasa wa 40 nikauweka dirishani penye mwanga, maana fotokopi ni nyeusi kama sufuria. Sikuwahi kuusoma, Papa. Siku ile darasani niliona jina lako tu, nikafunga kitabu. Sasa nikausoma kama unavyosoma swali la mtihani, kuanzia juu.

Ijumaa nikaingia kwa juri. Madame Solange alikuwa anajipepea na karatasi ya pointi. Mwalimu Kasongo akauliza swali ambalo nilijua ataliuliza:

"Sababu ya kwanza ya kupungua kwa samaki katika maporomoko?"

"Ukurasa wa 31 wa kitabu cha Mwalimu unasema ni miti na vikapu vya wavuvi."

"Vizuri."

"Sijamaliza, Mwalimu."

Madame Solange akaacha kujipepea. Nikaeleza vipimo vyangu, vikapu sita, samaki mia moja na kumi na watatu, na maji yanavyopasua kikapu kilichokazwa. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini chumba nacho kilikuwa kidogo.

"Na tamko?" akasema Mwalimu. Hakulisema kwa ubaya. "Watu kumi na moja, Laurette. Na unajua ni akina nani."

"Namba tatu ni papa yangu. Tafadhali tazameni ukurasa wa 40, juu kabisa, mahali palipo peusi. Kuna safu nne. Ya kwanza ni jina. Ya pili ni kazi. Ya nne ni sahihi. Ya tatu ni saa ya kufika."

Wakainama wote wawili.

"Papa yangu alifika saa tatu na dakika kumi. Tonton Nephtali saa tatu na robo. Yule wa mwisho alichelewa, saa nne na nusu. Mwalimu, mtu anayekiri kosa, anaulizwa amefika saa ngapi?"

Halafu Madame Solange akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachosikika mpaka kwa Préfet. "Kasongo! Hii ni liste de présence! Mimi na wewe tulisaini moja juzi kwenye semina ya chanjo! Eh, sasa sijui nilikubali nini!"

Mwalimu Kasongo hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena. Akasema polepole, "Niliitoa kwenye ripoti nzima hivi. Nilitazama idadi ya sahihi." Halafu: "Asante. Unaweza kutoka."

Nimepata kumi na nne. Mama amepika kuku.

Lakini usifurahi bado. Leo nilimfuata Mwalimu nimuulize lini ataondoa ukurasa wa 31 na majina yenu. Alikuwa na aibu, nilimwona, lakini alisema: "Kitabu kimekwisha kutoka. Wa mwaka wa tano wanacho. Siwezi kwenda kwa Préfet na kusema wavuvi kumi na moja hawakusema walichosema, kwa sababu mwanafunzi mmoja ameniambia. Wenyewe waje waseme."

Benie yuko mwaka wa tano, Papa. Jana alikuwa mezani anakariri kwa sauti: "bila kuchagua, wakubwa kwa wadogo, bila kuchagua, wakubwa kwa wadogo." Ana interro, jaribio la darasani, Alhamisi. Nilimwambia anyamaze. Akanijibu, "Wewe umeshapata kumi na nne yako, niache nipate yangu." Na ana haki! Nimepita, na uongo umebaki palepale, na dada yangu anaukariri kwenye meza uliyoipigilia misumari wewe. Mwaka ujao wengine arobaini na wanane. Mimi nimeshasema yote niliyoweza kusema. Lakini mimi si kati ya kumi na moja.

Jambo la mwisho, nalo utanisamehe au hutanisamehe. Nilimpelekea Tonton Nephtali barua yako. Nilimsomea juu ya mwamba, maji yakipiga kelele, nikalazimika kupaza sauti. Alitaka nirudie pale uliposema "Ni présence tu, saini." Nikarudia. Akasema, "Hiyo naijua. Nilikuwepo." Halafu akaomba nirudie pale kwenye macho. Akageuka upande wa mto, akafunga kamba iliyokuwa imeshafungwa.

Mtoto wako,
Laurette


Isangi, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Mutoto yangu Laurette,

Utashangaa kuona Isangi hapo juu. Niko njiani narudi nyumbani, hapa tangu Ijumaa na godoro yangu na sufuria. Baleinière iko na panne ya mashine, fundi anasema leo, juzi pia alisema leo. Barua hii naipa boti ya mbio, canot rapide, itanitangulia. Tumbo ni salama, hata imesahau kuuma. Natumaini goti ya mama yako nayo inasahau.

Kumi na ine! Nilionyesha barua kwa watu wote ya kambi, na wale hawajui kusoma niliwaonyesha ile kumi na ine tu.

Nilikuwa na hasira siku mbili juu ulisomea Nephtali barua yangu. Siku ya tatu nikafunga godoro.

Hapa Isangi kuko réseau. Niliazima simu nikamupigia. Alipokea, akasikia sauti, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Unité ilikuwa inaisha, mwenye simu ananitazama vibaya. Mwisho Nephtali akasema, "Eugène, kama umekufa uniambie, nisimalize muda yangu." Nikacheka, halafu sikucheka tena. Nilimwambia kile nilipaswa kumwambia miaka tano hapo nyuma. Hiyo sitaandika, ni yake.

Alikuwa ameshawaona wengine, tangu siku ile ulimusomea. Kati ya kumi na moja, wawili walikufa, mmoja iko Kinshasa kwa mutoto yake. Donc tunabaki nane. Mmoja hawezi kutembea vizuri, tutamubeba kwa baiskeli. Kama hii baleinière inatoka kesho, Jumatano saa mbili ya asubuhi tuko mbele ya mlango ya Préfet wenu. Nephtali analeta kikapu moja, kubwa, ili mwalimu aingize mkono yake mwenyewe.

Umwambie Mwalimu Kasongo atafute viti nane. Jus, hapana. Mkate, hapana. Na karatasi ya kusaini asilete, tunakuja kusema na mdomo, Kiswahili, na watu wa darasa ya Benie wasikie.

Wewe siku hiyo usikuje. Kaa nyumbani, soma. Leta inakungoja mwezi wa sita, na hii ya Jumatano haiko mtihani yako.

Papa yako,
Eugène